Madaraka ya Mikoa na Ridhaa ya Wananchi



Askari yeyote, tangu siku ya kwanza ya mafunzo, hufundishwa kwamba amri haipati nguvu kutokana na ukali wa sauti inayoitoa. Amri ina nguvu kwa sababu ya cheo cha anayeitoa, na cheo kina nguvu kwa sababu ya sheria iliyokiunda. Kuruta akiamriwa na mtu asiyemjua afungue ghala la silaha, atauliza kwanza: ni nani huyu, na nani aliyemtuma? Swali hilo la kuruta mlangoni pa ghala ndilo swali kubwa kuliko yote katika jambo la serikali za mikoa. Mtu anapojitokeza na kusema kwamba ana madaraka juu ya Buganda, au Bunyoro, au Acholi, au juu ya jiji hili la Kampala, wananchi wana haki ya kuuliza: nani aliyempa?

Uhalali wa serikali una sura mbili. Sura ya kwanza ni ya sheria: je, chombo hicho kimeundwa na katiba au na sheria ya Bunge? Sura ya pili ni ya ridhaa: je, watu wanaotawaliwa nacho walikikubali, wakawachagua viongozi wake, na wanayo njia ya kuwaondoa bila kumwaga damu? Serikali ya mkoa yaweza kuwa na sura ya kwanza ikakosa ya pili. Yaweza pia kuwa na mapenzi ya watu ikakosa sheria. Historia ya Uganda inayo mifano ya hali zote mbili, na mara nyingi mwisho wa mfano alikuwapo askari mwenye bunduki.

Yafaa kuanza na Mkataba wa Buganda wa tarehe 10 Machi 1900. Mkataba huo uliitambua Lukiiko kuwa baraza la wajumbe 89: mawaziri 3, machifu wa masaza 20, na watu mashuhuri 66. Hakuna hata mmoja kati yao aliyepigiwa kura na mkulima wa Bulemezi au mvuvi wa Buvuma. Hata hivyo ni makosa kudhani kwamba taasisi za Mengo hazikuwa na mizizi mioyoni mwa watu. Gavana Andrew Cohen alipomhamishia Kabaka Mutesa wa Pili Uingereza tarehe 30 Novemba 1953, Buganda nzima iliingia katika maombolezo, na serikali ya kikoloni ikalazimika kumrudisha tarehe 17 Oktoba 1955. Hapo ikadhihirika kwamba desturi nayo huzaa utii, na kwamba utii wa namna hiyo haufutwi kwa hati ya gavana. Lakini utii kwa mfalme na ridhaa kwa serikali ni mambo mawili. La kwanza hurithiwa. La pili huombwa upya kila baada ya miaka michache.

Tofauti hiyo ilionekana wazi nchi ilipokaribia uhuru. Uchaguzi wa mwaka 1961 ulisusiwa katika Buganda kwa mwito wa Mengo. Wachache sana waliothubutu kupiga kura walikipa chama cha Democratic Party viti 20 kati ya 21 vya Buganda, na Benedicto Kiwanuka akawa kiongozi wa serikali. Kisheria ushindi ule ulikuwa halali. Kwa upande wa ridhaa, ulikuwa na tundu kubwa katikati ya nchi. Kisha, Februari 1962, wananchi wa Buganda waliichagua Lukiiko kwa kura zao wenyewe, na Kabaka Yekka ikapata viti 65 kati ya 68. Ushindi huo ulikuwa mkubwa na wa kweli. Lakini Lukiiko hiyo ndiyo iliyopewa kazi ya kuwateua wajumbe 21 wa Buganda katika Bunge la taifa, badala ya wananchi kuwachagua. Basi katika muda wa mwaka mmoja Uganda iliona maajabu mawili: kura chache zikitoa serikali, na kura nyingi zikitoa baraza ambalo lilichukua nafasi ya mpiga kura.

Katiba ya uhuru, iliyoanza kazi tarehe 9 Oktoba 1962, ilikuwa kama vazi lililoshonwa na mafundi watatu. Buganda ilikuwa na uhusiano wa shirikisho na serikali kuu. Ankole, Bunyoro, Toro na Busoga zilikuwa na madaraka ya kiasi. Wilaya nyingine, kama vile Acholi, Lango, Teso na Kigezi, zilitawaliwa moja kwa moja kutoka katikati. Mwananchi wa Gulu na mwananchi wa Masaka walikuwa raia wa nchi moja, lakini kura zao hazikuwa na uzito mmoja katika mambo ya nyumbani kwao. Vazi la namna hiyo halikosi kuchanika penye mshono.

Mshono wa kwanza kujaribiwa ulikuwa masaza yaliyopotea. Masaza ya Buyaga na Bugangaizi yalikuwa ya Bunyoro kabla ya vita vya mwisho wa karne ya 19, kisha yakawekwa chini ya Buganda kwa nguvu ya Waingereza. Katiba ya uhuru ilielekeza kwamba wakazi wenyewe waulizwe. Kabla ya kura hiyo, serikali ya Mengo iliwapeleka askari wastaafu wa Kiganda kwenda kukaa Ndaiga, pwani ya Ziwa Albert, kwa matumaini ya kuongeza idadi ya wapiga kura. Hao walikuwa watu waliopigana Vita vya Pili vya Dunia, wakavua sare na kurudi nyumbani. Ikaamuliwa kwamba watakaopiga kura ni wale tu walioandikishwa katika daftari la mwaka 1962. Tarehe 4 Novemba 1964 wakazi wa masaza yote mawili walichagua kurudi Bunyoro. Somo la Ndaiga halijachakaa: mwenye haki ya kuamua mahali patatawaliwa na nani ni mkazi wa mahali hapo, wala si mtu aliyesafirishwa kwenda kuijaza foleni, hata akiwa askari mwenye nishani kifuani.

Mshono wa pili ulichanika mwaka 1966. Mwezi Aprili Bunge liliombwa kuipitisha katiba mpya ambayo wabunge walielekezwa wakachukue nakala zake baadaye katika visanduku vyao vya barua. Tarehe 20 Mei Lukiiko nayo ikapitisha azimio la kuitaka serikali kuu iondoke katika ardhi ya Buganda kabla ya tarehe 30. Upande mmoja ulikuwa na katiba ambayo wananchi hawakuijadili. Upande wa pili ulikuwa na baraza lililochaguliwa na watu, lakini hakuna sheria iliyolipa uwezo wa kuifukuza serikali ya nchi katika mji wake mkuu. Kila upande ulishika nusu ya uhalali na kudai kwamba inatosha. Nusu iliyopungua ikatafutwa kwa askari. Tarehe 24 Mei 1966 jeshi, likiongozwa na Idi Amin, liliingia Lubiri. Watu wengi walikufa, Kabaka akakimbilia uhamishoni, ambako alifariki London tarehe 21 Novemba 1969. Jengo la Bulange, mahali ambapo wajumbe walikuwa wakijadiliana, likageuzwa makao makuu ya jeshi. Mwaka 1967 falme zote zikafutwa na halmashauri za wilaya zikawekwa chini ya mkono wa waziri.

Haiwezekani kusema kwamba nchi ilipata umoja kwa njia hiyo. Mwenye kovu usidhani kapoa. Baada ya mapinduzi ya tarehe 25 Januari 1971 Uganda iliona hatua nyingine ya safari ile ile. Nchi iligawanywa katika majimbo 10, kila jimbo likiwa na gavana, na magavana wengi walikuwa wanajeshi. Kwa kutazama ramani, mtu angedhani kwamba madaraka yamepelekwa mikoani. Kwa kweli yaliyopelekwa ni macho na mikono ya Kampala. Gavana hakumjibu mkazi wa jimbo. Alimjibu aliyemteua, na alipopotea, hakuna mkazi aliyeulizwa.

Kosa la kudhani kwamba kumpeleka ofisa mkoani ni sawa na kumpa mwananchi madaraka halikuwa la Uganda peke yake. Mwaka 1972 Tanzania ilianzisha mpango uliojulikana kama Madaraka Mikoani. Nia ilikuwa njema, na watumishi hodari walitoka Dar es Salaam wakaenda mikoani na wilayani. Lakini wakati huo huo halmashauri zilizochaguliwa na wananchi zilifutwa. Mipango ikawa karibu na mwanakijiji kwa maili, ikawa mbali naye kwa kauli. Sheria za mwaka 1982 zilizirudisha serikali za mitaa, nazo zikaanza kazi tena mwaka 1984. Na Mwalimu Nyerere, aliyekuwa ameufanya uamuzi ule, hakuona haya kukiri kwamba kuzifuta lilikuwa kosa. Kiongozi akikiri hivyo hadharani, jirani yake hana haja ya kulirudia kosa ili alijue.

Katika Uganda, mbegu ya ridhaa iliota mahali pasipotazamiwa: msituni. Katika vita vya Luweero, kati ya mwaka 1981 na 1986, wapiganaji wa NRA walihitaji chakula, habari na watu wa kuaminika. Wakaziacha kamati za vijiji zichaguliwe na wakazi wenyewe. Baada ya Januari 1986 kamati hizo zilienea nchi nzima kwa jina la RC. Sheria ya mwaka 1987 ilizipa umbo, ile ya mwaka 1993 ikazipa wilaya madaraka, kisha katiba ya mwaka 1995 na Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1997 zikajenga mfumo wa LC unaojulikana leo, tangu kijiji hadi wilaya. Kila mtu mzima akawa mjumbe wa baraza la kijiji chake. Mkazi ambaye babu yake alipiga magoti mbele ya chifu wa gombolola, yeye alisimama wima katika mstari, nyuma ya jirani aliyemtaka awe mwenyekiti. Theluthi moja ya viti vya halmashauri ikatengwa kwa wanawake.

Hayo ni mafanikio, na hayana budi kutajwa. Lakini heshima ya mfumo huo imo katika kurudi kwa mwananchi kila muda unapokwisha, na hapo ndipo penye dosari. Uchaguzi wa vijiji ulifanyika mwaka 2001. Tarehe 28 Julai 2005 nchi ilipiga kura ya maoni na kurejea katika vyama vingi. Mwaka 2007 Mahakama ya Katiba ikaamua kwamba uchaguzi wa vijiji hauwezi kuendeshwa kwa taratibu za mfumo uliokwisha. Badala ya sheria kurekebishwa upesi na uchaguzi kuitishwa, wananchi walingoja hadi tarehe 10 Julai 2018. Hiyo ni miaka 17. Na muda wa viongozi waliochaguliwa siku hiyo ulipokwisha mwaka 2023, uliongezwa bila wananchi kurudi katika mstari.

Jambo hili si la wanasheria tu. Askari wa kaunta katika kituo cha polisi hupokea barua ya mwenyekiti wa kijiji kila siku: barua ya kumtambulisha mdhamini, barua ya kuthibitisha makazi, barua ya mauzo ya kiwanja. Hata kuruta yule wa mlangoni pa ghala aliingia jeshini akiwa na barua ya LC wa kijiji chake. Katika miaka ile 17 muhuri wa mwenyekiti uliendelea kugongwa, na wino haukupauka. Kilichopauka ni ridhaa iliyokuwa nyuma ya muhuri. Wenyeviti wengine walikuwa wamekufa, wengine wamehama, na nafasi zao zikashikwa na watu ambao hakuna mkutano uliowachagua. Serikali ikishindwa kumrudia mpiga kura katika kijiji, mahali ambapo kura yenyewe ni kusimama nyuma ya mtu, itamrudiaje katika mkoa?

Na hapo ndipo ilipo ngazi ya mkoa. Mwaka 2005, katiba iliporekebishwa, Bunge liliingiza kifungu cha 178 kuhusu serikali za mikoa. Wilaya mbili au zaidi zilipewa nafasi ya kuungana na kuunda serikali ya mkoa, na mikoa ya Buganda, Bunyoro, Busoga, Acholi na Lango ikahesabiwa kuwa imekwisha kubali. Kila mkoa ungekuwa na baraza ambalo wajumbe wake wengi wangechaguliwa na wananchi moja kwa moja. Ungeshughulikia shule za sekondari, hospitali za rufaa za mkoa, barabara zinazounganisha wilaya, na mambo ya mila. Penye mfalme au kiongozi wa jadi, huyo angekuwa kichwa cha heshima, asiyegombea wala kutumia madaraka ya serikali.

Mpango huo umeandikwa katika katiba, lakini haujapata kutembea. Mengo iliukataa, ikisema kwamba madaraka yake ni machache kuliko yale ya mwaka 1962, fedha zake hazina uhakika, na namna ya kumpata Katikkiro haipatani na desturi. Muswada wa mwaka 2009 wa kuutekeleza nao ulikataliwa. Wanaotetea federo husema kwamba mkoa wenye historia, lugha na mipaka inayojulikana ndio wenye nguvu ya kuisimamia serikali kuu, kuliko wilaya ndogo ndogo ambazo zilikuwa 33 mwaka 1986 na sasa zimepita 130. Hoja hiyo ina uzito. Wilaya changa isiyo na fedha haiwezi kubishana na waziri. Wanaoipinga husema kwamba serikali ya mkoa ambayo mkuu wake anateuliwa na mfalme ingewarudisha wananchi kule walikotoka, wakitii bila kuchagua. Hoja hiyo nayo ina uzito.

Lakini kuna jambo ambalo pande zote mbili zimelipita haraka. Mikoa mitano ilihesabiwa kuwa imekubali. Watu wa mikoa hiyo hawakuulizwa. Vivyo hivyo, mpango huo ulipokataliwa, waliokataa walikuwa wajumbe wa Lukiiko ambao hawakupigiwa kura na wakazi wote wa Buganda. Kukubali kulifanywa kwa niaba ya wananchi, na kukataa kulifanywa kwa niaba ya wananchi. Mkulima wa Mubende, awe Muganda, Munyoro au mtu aliyehamia kutoka Kigezi, hajapata kuandika alama moja kwenye karatasi kusema anataka au hataki.

Nchi nyingine zimeliona hilo na kulitafutia dawa. Wales, katika Uingereza, wananchi waliulizwa mwaka 1979 kama wanataka baraza lao, wakakataa kwa wingi. Waliulizwa tena mwaka 1997, wakakubali kwa asilimia 50.3 tu ya kura. Wengi walisema baraza lililozaliwa kwa kura chache hivyo halitadumu. Baraza likafanya kazi, likachaguliwa na kuchaguliwa tena, na mwaka 2011 wananchi walipoulizwa kama liongezewe uwezo wa kutunga sheria, asilimia 63.5 ya waliopiga kura walikubali. Ridhaa yaweza kuanza ikiwa nyembamba na kunenepa, ikiwa inalishwa kwa kuulizwa.

Karibu zaidi, Kenya ilianza uhuru wake mwaka 1963 kwa katiba ya majimbo, ikaivunja mwaka uliofuata, na ikakaa chini ya wakuu wa mikoa walioteuliwa kwa karibu nusu karne. Katiba ya mwaka 2010, iliyopitishwa kwa kura ya maoni, iliunda kaunti 47, na magavana wa kwanza wakachaguliwa Machi 2013. Katiba hiyo iliweka pia kwamba kaunti zigawiwe angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa. Kaunti hizo zimeonyesha uhodari na zimeonyesha wizi. Lakini magavana wa Kiambu na Nairobi walipotuhumiwa, waliondolewa mwaka 2020 kwa kura za mabaraza yao na za Seneti, na hakuna kifaru kilichotoka kambini. Huo ndio ushahidi wa serikali ya mkoa iliyo halali: uwezo wa kumtoa mkubwa wake kwa karatasi.

Mfano wa Kenya unaonyesha pia kwamba kura bila fedha ni mlango uliochorwa ukutani. Uganda ilipofuta kodi ya kichwa mwaka 2005, wananchi walishukuru, kwa kuwa kodi ile ilikuwa imewafikisha maskini wengi rumande. Lakini ndiyo iliyokuwa tegemeo kubwa la wilaya. Tangu hapo wilaya huishi zaidi kwa fedha za serikali kuu, ambazo nyingi hufika zikiwa zimekwisha pangiwa kazi. Mwaka huo huo uteuzi wa maofisa watawala wakuu wa wilaya ulirudishwa katikati. Mwenyekiti wa wilaya huchaguliwa na maelfu, lakini mfuko si wake na mtendaji mkuu hakuajiriwa na halmashauri yake. Wananchi humlaumu kwa daraja lililovunjika, naye hunyoosha kidole Kampala.

Katika Kampala yenyewe jambo hilo limeonekana mchana kweupe. Sheria ya Jiji Kuu ya mwaka 2010 iliweka viti viwili juu ya mji mmoja: Meya Mkuu anayechaguliwa na wakazi, na Mkurugenzi Mtendaji anayeteuliwa na Rais. Erias Lukwago alichaguliwa kuwa Meya Mkuu mwaka 2011. Jennifer Musisi akateuliwa kuwa Mkurugenzi Mtendaji. Mmoja alikuwa na kura, wa pili alikuwa na bajeti. Novemba 2013 madiwani walipiga kura kumwondoa Meya, mashauri yakaenda mahakamani, na askari polisi wakajikuta wakizuia milango ya Jumba la Jiji huku hati za mahakama zikipeperushwa mbele yao. Wapiga kura walimrudisha Lukwago mwaka 2016 na tena mwaka 2021. Wahenga walisema mafahali wawili hawakai zizi moja. Sheria ikiwaweka zizi moja bila ukuta katikati, anayetumwa kuwaachanisha ni askari, na hulaumiwa na pande zote mbili.

Katika wilaya hali ni ya namna hiyo, ingawa haipigi kelele sana. Mwenyekiti wa LC 5 amechaguliwa na watu wa wilaya; RDC ameteuliwa na Rais, naye ndiye mwenyekiti wa kamati ya usalama ya wilaya. Ofisa wa polisi wa wilaya na kamanda wa kikosi huketi mezani pake. Kuteuliwa kwa RDC kuna sababu yake, kwa kuwa usalama wa nchi ni jambo la taifa zima. Lakini kamati ya usalama si halmashauri. Ikianza kuamua ni diwani yupi azungumze na yupi asizungumze, imevuka mpaka, na maofisa wenye sare waliokaa pale wamevukishwa pamoja nayo.

Kuna jambo la mwisho, na ndilo gumu kuliko yote. Mkoa unaodai haki kwa serikali kuu hauna budi kuitoa haki hiyo hiyo kwa walio wadogo ndani yake. Septemba 2009 Kabaka alitarajiwa kuzuru Kayunga. Baadhi ya Banyala wa huko walisema kwamba wao si raia wa Kabaka. Mengo ikasema Bugerere ni saza la Buganda. Serikali ikazuia ziara. Kampala ikawaka moto kwa siku kadhaa, na watu zaidi ya 20 wakapoteza maisha, wengi wao kwa risasi. Novemba 2016, huko Kasese, ugomvi kati ya serikali na ufalme wa Rwenzururu uliishia kwa vifo vya watu zaidi ya 100, wakiwemo askari polisi. Katika misiba hiyo miwili swali lililokuwa chini ya moshi lilikuwa moja: nani ana haki ya kusema kwa niaba ya nani, na mahali gani? Hakuna risasi iliyolijibu. Buyaga na Bugangaizi, mwaka 1964, swali kama hilo lilijibiwa kwa sanduku la kura, na jibu hilo limesimama hadi leo.

Askari afanye nini basi? Katiba ya mwaka 1995 imemjibu. Kifungu cha kwanza kinasema mamlaka yote ni ya wananchi. Kifungu cha 208 kinataka jeshi liwe la taifa, lisilo na upande katika siasa, na lililo chini ya utawala wa kiraia. Kifungu cha 211 kinataka polisi wawe wazalendo wenye nidhamu na ujuzi. Katika vifungu hivyo vyote, hakuna mstari unaomkabidhi askari kazi ya kuamua kama federo ni njema au mbaya. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba uwanja ambao wananchi wataamulia jambo hilo haukanyagwi na mtu. Anayeitisha mkutano wa federo na anayeitisha mkutano wa kuipinga wote wawili wanalindwa na askari mmoja, kwa heshima moja.

Nayo serikali ina deni kwa askari wake. Kila uchaguzi wa kijiji unaoahirishwa, kila kifungu cha katiba kinachoachwa kabatini, kila ofisi mbili zinazopewa kazi moja, ni mzigo ambao mwishowe hutuliwa begani pa kijana mwenye sare, jioni, katika makutano ya barabara, mbele ya umati wenye hasira. Kuwauliza wananchi ni gharama. Karatasi za kura hununuliwa, na majibu yao huenda yasiwapendeze wakubwa. Lakini Uganda imekwisha kulipa gharama ya kutowauliza, na hesabu yake ilianza Lubiri.

Kuruta mlangoni pa ghala hakukosea kuuliza. Anayestahili kupita huwa na jibu, naye hutoa hati yake bila kukasirika. Serikali ya mkoa, ikija siku moja katika nchi hii, au serikali ya wilaya na ya jiji zilizopo sasa, yafaa ziweze kufanya hivyo mbele ya mwananchi yeyote: kuonyesha sheria iliyoziunda, na kuonyesha tarehe ya mwisho ambayo watu waliulizwa.